Risasi Fupi ya Boma

Watu wa Bagamoyo watakwambia kwamba Ausi bin Mgeni alinyang'anywa leseni ya kutengeneza bunduki kwa sababu ya ukaidi wake. Wanasema kweli. Ausi ndiye mimi, na ukaidi ule ningeurudia leo hii mtu akiniletea mtutu. Lakini wanapoongeza kwamba nilikaidi kwa ajili ya kitu kisichozidi upana wa ukucha wa mtoto, hapo damu hunichemka, kwa sababu wao hawajapata kumzika shemeji yao akiwa amefunikwa uso tangu nyumbani hadi kaburini.

Mwaka huo ulikuwa 1934. Tembo walikuwa wamehamia Fukayosi kana kwamba mashamba yale waliachiwa urithi. Walikula mahindi, wakala mtama, na mihogo waliyoshindwa kuila waliing'oa wakaiacha juani. Mwezi wa Mfungo Saba wakamkanyaga bibi kizee mmoja njia ya kisimani. Wanakijiji walikuwa na magobore tu, yale ya kushindilia baruti kwa mdomoni, na gobore kwa tembo ni sawa na kumkuna mgongo. Wakaja Boma watu arobaini, wakakaa kitako uwanjani, wakasema hawaondoki.

Pale Boma palikuwa na Bwana Shauri mdogo, Mwingereza kijana ambaye sisi tulimwita Bwana Rula, maana kila kitu alikipima, hata urefu wa nyasi za uwanjani. Bwana Rula akaona aibu, au aliogopa barua za wakubwa wake, sijui. Akakubali Fukayosi wapewe bunduki moja ya kweli, na mwenye kuishika awe Mikidadi, mwindaji wao. Ghalani mwa Boma mlikuwa na bunduki mbili mbovu za Wajerumani. Moja ilikuwa na mtambo mzima na mtutu uliopasuka. Ya pili mtutu wake ulikuwa mzuri, ila mwisho wa nyuma umeliwa na kutu, na mtambo hauna komeo. Akaniita mimi, niliyejifunza kazi katika karakana ya askari wa Kijerumani kule Dar es Salaam, nizifanye bunduki mbili kuwa moja.

Kazi yenyewe naipenda, nisiseme uongo. Niliukata ule mwisho uliooza, nikautia hesi upya, ile mifereji ya kuzungushia, nikaufunga kwenye mtambo, nikachonga kitako cha mninga kilicholingana na bega la Mikidadi. Ikabaki kuchimba chumba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapolala kabla ya kufyatuliwa. Na chumba hukichimbi mpaka ujue unamchimbia nani.

Mtutu ule unakubali risasi za namna mbili. Ni ndugu wa tumbo moja: kichwa kimoja, unene mmoja, kitako kimoja. Wazungu huzitaja kwa tarakimu, mimi naziita Fupi na Ndefu. Zinatofautiana ganda tu, ile shaba ya manjano inayobeba baruti. Ganda la Ndefu limezidi kwa huo upana wa ukucha wa mtoto. Ukiziweka mezani mbalimbali hutajua ipi ni ipi. Chumba cha Fupi hakiipokei Ndefu, komeo halifungi. Na chumba cha Ndefu ukikitia Fupi, inazama mbele na kuchezacheza, wala pini haiipati sawasawa. Kwa hiyo lazima uchague mapema, na ukishachagua ndiyo basi.

Bwana Rula alikuwa amekwisha kuchagua. Ghalani mlikuwa na masanduku manne ya Fupi, yaliyochukuliwa wakati wa vita katika nyumba ya mlowezi mmoja. Ndefu zilikuwa dukani kwa Mhindi Dar es Salaam, nazo hazitoki bila barua ya Bwana mwenyewe. Akamtuma kwangu karani wake Wilbrodi, mtu wa misheni, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mvua.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, karani. Karibu kiti."

"Sikai. Bwana anasema uchimbe chumba cha Fupi. Risasi zipo, hazihitaji kuagizwa. Na tena anasema bunduki ya mwenyeji isiwe na nguvu kuliko ya askari."

"Mwambie Fupi ni ya nguruwe na kuro. Tembo ataibeba aende nayo zake."

Wilbrodi akacheka kidogo. "Mchagua jembe si mkulima, fundi."

"Jembe halimrukii mkulima usoni," nikamjibu, na kicheko kikamkatika, kwa sababu alijua ninasema habari za nani.

Nilikuwa nasema habari za Pazi. Pazi alikuwa mume wa mdogo wangu Zuleha, na kaka yake Mikidadi huyuhuyu. Miaka saba nyuma, Boma walimpa Pazi bunduki ya kufukuzia viboko Ruvu, na aliyeitengeneza nilikuwa mimi, kwa chumba cha Fupi, kwa amri ya Bwana mwingine aliyekuwapo wakati ule. Mwezi wa pili bunduki ikapasuka. Komeo likamrudia usoni. Aliishi siku tatu, hakusema neno, maana pa kusemea hapakuwapo. Bwana yule akaandika kwamba kazi ya fundi ilikuwa mbovu, akaniwekea leseni kabatini miaka miwili.

Sikubisha. Ningebisha na nini? Nilivichukua vile vipande vya chuma nikaviosha, nikavitazama kwa jua na kwa taa, nikitafuta mahali mkono wangu ulipokosea. Miaka saba sikupaona. Nawe fikiri mtu anavyoishi akiamini amemuua mume wa dada yake na hajui kwa kosa gani. Zuleha alirudi kukaa kwangu baada ya eda. Alinipikia, akanifulia, na habari ya bunduki ile hatukuitaja hata siku moja. Mimi nilidhani ananisitiri.

Sasa hii ya Mikidadi. Nilitaka kumwendea Bwana Rula na hoja anayoweza kuipima, nikakaa barazani baada ya sala ya adhuhuri na risasi mbili. Fupi aliniletea Wilbrodi, chache. Ndefu nilikuwa nayo moja tangu vita, naiweka kama kielelezo. Nikazing'oa vichwa polepole kwa koleo, nikamwaga baruti kila moja kwenye karatasi yake, kisha nikachukua ulezi. Ulezi ni punje ndogo zenye kulingana, na ukiujaza katika ganda kisha ukaumwaga, macho yanaona kiasi gani ganda linachukua. Nikajaza Fupi kwa ulezi, nikamwaga. Nikajaza Ndefu, nikamwaga. Marundo mawili, moja kubwa kuliko jingine, lakini si kwa mengi. Kisha nikatazama baruti yenyewe. Ya Ndefu ilikuwa imejaa ganda lake karibu na shingo. Ya Fupi ilikuwa imejaa robo tatu tu. Watengenezaji waliacha nafasi makusudi, kwa kuwa ndicho kipimo chake.

Nikachukua Fupi nyingine nzima, nikaitikisa karibu na sikio. Baruti ikacheza ndani, ch-ch-ch.

Zuleha alikuwa amekuja kunitilia maji. Akasimama na mtungi mkononi.

"Hivyohivyo," akasema.

"Hivyohivyo nini?"

"Hivyohivyo alivyokuwa akizitikisa Pazi. Akasema, 'Sikia, mke wangu, hawa Wazungu wametupunja, risasi haikujaa.'"

Nikaiweka risasi chini. Zuleha naye akauweka mtungi chini, akakaa juu ya mkeka. Akasema yote kwa sauti moja, kama mtu anayesoma. Pazi alikulia kwenye gobore. Katika gobore mwindaji ndiye anayepima: kipimo kimoja kwa kanga, viwili kwa nguruwe, vitatu kwa mnyama mkubwa. Hakuna mwindaji wa Fukayosi ambaye hakufundishwa hivyo na baba yake. Basi siku Pazi alipompiga kiboko risasi mbili, na kiboko akazama akaibuka tena mzima, Pazi akarudi nyumbani akang'oa vichwa vya risasi tatu, baruti ya tatu akaigawia zile mbili mpaka zikajaa pomoni, akavirudisha vichwa kwa kuvigonga na nta. Tatu akazifanya mbili.

"Na wewe ulimwona?"

"Mimi ndiye niliyemshikia kawa, baruti isimwagike."

Miaka saba! Nisimseme mdogo wangu vibaya, lakini siku ile nilikasirika hata nikaona mkeka unapanda na kushuka. Nilisimama, nikatoka mpaka njiani, nikarudi. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza nilipokuwa nikiitwa muuaji sokoni.

"Ningesema nini, kaka? Kwamba mume nimemuua mimi? Nilikuwa ndani ya eda, mama zake wananitazama. Nikasema nitasema kesho. Kesho ikawa ngumu kuliko jana." Akaanza kulia. "Lakini Mikidadi naye ni mtoto wa baba yuleyule. Umpe Fupi, ataitikisa. Naapa kwa Mungu, kaka, ataitikisa."

Hapo hasira yangu ikageuka, ikapata mahali pa kwenda. Mkono wangu haukuwa umekosea. Lilikosea lile shauri la kumpa mwana wa gobore risasi yenye nafasi ndani, kumtuma kwa mnyama mkubwa kuliko risasi hiyo, kisha kumwambia asiongeze. Ndefu haina nafasi ya kuongeza. Na anayempiga tembo akamwangusha hana haja ya kuongeza. Nilichagua palepale, na sikupima tena.

Nikaenda Boma, nikaeleza jinsi Pazi alivyoongeza baruti, bila kumtaja Zuleha. Bwana Rula alinisikiliza kwa dakika chache akiwa amesimama. Alisema Kiswahili kizuri cha kitabuni.

"Fundi, kosa la yule mtu lilikuwa uasi. Alipewa risasi ili apige, hakupewa ili afungue. Huyu wa sasa nitamkataza."

"Na yule alikatazwa, Bwana."

"Basi akifungua na kufa, atakuwa amekufa kwa uasi wake. Sheria haiwezi kumlinda mtu na ujinga wake." Kisha akanitazama machoni. "Wewe sikuamini. Kesho utaleta vyombo vyako hapa barazani, utachimba chumba cha Fupi mbele ya Wilbrodi. Ama hivyo, ama leseni yako irudi kabatini, na mara hii haitatoka."

Kesho yake saa tatu nilikuwa pale na jiliwa langu nimelifunga kwenye meza ya baraza, mtutu umebanwa ndani yake, na watu wa mashauri wamejaa ngazini wakitazama. Mikidadi alikuwapo, amekuja kuchukua bunduki, kanzu yake imefuliwa. Wilbrodi aliketi kando na daftari. Nikaanza kuchimba kwa kikatio nilichokitengeneza mwenyewe kwa chuma cha tupa, nikizungusha kwa mkono, nusu mzunguko, natoa, nafuta, natia mafuta, narudisha. Machicha ya chuma yakawa yanadondoka sakafuni. Kila baada ya muda nachukua Fupi niliyoitoa baruti, naipitisha juu ya moshi wa koroboi mpaka inakuwa nyeusi, naisukuma ndani, naitoa. Palipofutika masizi ndipo panapokwaruza, ndipo pa kuchimba. Karibu na saa tano Fupi ikaingia, komeo likafunga bila kulazimishwa, na masizi yakatoka mazima.

Bwana Rula akatoka kortini kuja kuangalia. Akaitia Fupi mwenyewe, akafunga, akafungua. Akaitia Ndefu yangu, niliyokwisha kuirudishia kichwa bila baruti, komeo likagoma. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Bwana," nikasema, "kabla hujaondoka, niruhusu nimuulize mwindaji neno moja."

"Uliza."

Nikamgeukia Mikidadi. Nikampa Fupi nyingine, nzima, mkononi. Sikumwambia lolote la Zuleha, namshuhudisha Mungu.

"Mikidadi, hii ndiyo risasi yako. Umekutana na tembo, umempiga mbili, hakuanguka. Utafanyaje siku ya pili?"

Mikidadi akaigeuzageuza. Kisha, bila kuambiwa, akaiinua mpaka sikioni akaitikisa. Akatabasamu kama mtu aliyejua jibu darasani.

"Haikujaa, mzee. Nitaiongeza kidogo."

Wazee wawili wa Fukayosi walikuwa wakiitikia kwa vichwa, ndiyo, ataiongeza, kwani nini? Kwao hapakuwa na la ajabu. Wilbrodi aliinamia daftari lake.

"Umesikia, Bwana?"

Uso wa Bwana Rula ulikuwa mwekundu. "Nimesikia. Mikidadi, ni marufuku kufungua risasi. Marufuku kabisa. Wilbrodi, andika kwamba ameambiwa." Akatazama saa yake. "Fundi, malizia kazi yako."

"Nitaimalizia," nikasema.

Akarudi kortini. Mikidadi aliniuliza amekosa nini, nami nikamwambia hajakosa kitu, asogee pale penye kivuli. Kisha nikachukua kikatio, nikakitia mafuta, nikakirudisha ndani ya mtutu. Nusu mzunguko, natoa, nafuta.

Wilbrodi akainua kichwa. "Fundi, si imekwisha hiyo?"

"Bado."

"Bwana ameipima. Imekwisha."

"Bado, karani. Wewe uliandika kwamba Mikidadi ameambiwa. Wino umekauka?"

Angeweza kuita askari, askari alikuwa hatua kumi. Badala yake alivuta kiti chake, akakigeuza, akakaa amenielekezea mgongo, akaanza kuandika kitu ambacho nadhani hakikuwa kitu. Mpaka leo nikimkuta njiani namwamkia mimi kwanza, ingawa kwa umri yeye ni mdogo wangu.

Nikachimba. Upana wa ukucha wa mtoto, na kila uzi wa chuma uliotoka niliuona unatoka na jina la Pazi. Sijapata kuchimba chumba kizuri kama kile, na sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndicho cha mwisho nilichochimba. Adhana ya adhuhuri ilipotoka msikitini, Ndefu iliingia, komeo likafunga.

Sikukimbia. Nilikunja mikeka ya vyombo vyangu, nikaosha mikono, nikamsubiri Bwana Rula atoke. Alipotoka nikamkabidhi bunduki kwa mikono miwili, na ile Ndefu juu yake.

"Nimemaliza, Bwana. Ni chumba cha Ndefu. Fupi haikai tena humu."

Akaitia Fupi. Ikazama mbele, ikachezacheza. Akaifungua, akanitazama.

"Irudishe ilivyokuwa," akasema.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Bwana. Chuma nilichokitoa ni hicho hapo sakafuni. Mtutu mwingine huna, na Dar es Salaam umekwisha kuwaandikia kwamba Fukayosi wanapata bunduki mwezi huu. Ama waandikie kwamba hawapati, ama andika barua ya kuagiza Ndefu."

"Unajua nitafanya nini?"

Nikatoa leseni mfukoni. Nilikuwa nimekuja nayo, imekunjwa mara nne. Nikaiweka mezani karibu na machicha.

"Hii hapa. Mara ya kwanza mlinipokonya kwa kosa nisilolifanya, nikanyamaza. Leo nimekosa kwa macho yangu, kwa hiyo nakuletea mwenyewe. Lakini huyu hatakufa kwa kazi ya mkono wangu."

Akaichukua. Akasema nikionekana nimeshika bunduki ya mtu nitafungwa. Nikalibeba jiliwa langu begani nikashuka ngazi, na watu wa mashauri wakanipisha.

Ndefu zilifika baada ya wiki mbili. Barua ilikuwa ya hati ya Wilbrodi, sahihi ya Bwana. Sikuzijaribu mimi, nilikatazwa kushika. Mikidadi alikwenda kuzijaribu Mapinga katika gogo la mnazi, kisha akapanda nazo Fukayosi, na sisi tukakaa kungoja. Mimi nilianza kuziba masufuria na kutengeneza cherehani za watu, na sokoni walinicheka kidogo. Zuleha hakula vizuri siku zile. Kila mtu wa Fukayosi akipita na kuni alimuuliza habari, na kila mmoja alisema hajui.

Mikidadi alikuja siku ya kumi na tatu, asubuhi, na mkia wa tembo umefungwa kwenye fimbo. Risasi moja, akasema, nyuma ya bega, mnyama alipiga hatua kama ishirini akalala. Kundi zima limevuka Ruvu. Alikuwa amechangamka, maneno yanamwagika, anataka kunionyesha jinsi alivyopiga magoti.

"Na risasi," nikamuuliza, "uliitikisa?"

"Niliitikisa, mzee. Imejaa. Haina neno."

Zuleha alikuwa ametoka jikoni. Hakuutazama mkia. Alimwendea shemeji yake, akasimama mbele yake, uso wake karibu na uso wake, akamtazama jicho moja, kisha la pili.

"Nyoosha mikono," akamwambia.

Mikidadi akacheka, akadhani ni mzaha, lakini akainyoosha. Zuleha akaishika, akaanza kuvihesabu vidole kwa sauti, kimoja kimoja, kama anayehesabu vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Alipofika kumi hakuiachia ile mikono.

Kisha akanigeukia mimi. "Kaka," akasema, "nenda sokoni. Waambie kuhusu ile kawa. Sema ni mimi."

Nikamwambia sokoni hatuendi. Wacha waseme ukaidi.